Maswali ya Mjengo: Sakafu ya Mbao Juu ya Ukuta wa Msingi

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wenye viwanja vya mteremko. Wanaona kujaza mawe na murram ndani ya msingi kunawamalizia pesa kabla nyumba haijaota, na sasa wanaulizia sakafu ya mbao. Tumechagua barua saba. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaegemea hapo.

Nimejenga ukuta wa msingi Kiamunyi, Nakuru, kwa mawe ya mashine ya inchi 9. Nyumba ni futi 24 kwa 20, na katikati kuna ukuta mwingine wa msingi unaofuata urefu wa futi 24. Upande wa chini wa mteremko ukuta umefika futi 5. Nina mchoro wa kigeni unaoonyesha mbao zimefungwa kwa bolti juu ya ukuta wa zege. Je, nitaufuata vipi, na ninunue mbao kiasi gani? – Msomaji, Kiamunyi

Ndugu yetu, hoja ya mbao ina hesabu nyuma yake. Eneo lako likiwa na kina cha wastani cha futi 2 na nusu, litameza karibu mita za ujazo 34 za kifusi, na kikishindiliwa kitashuka, uongeze tena. Lakini pesa utakazookoa hapo zitarudi kukudai iwapo mbao zitakaa vibaya juu ya ukuta. Sakafu za aina hii mara nyingi huanza kuharibika pale pale mbao inapokutana na msingi, kabla ya mahali pengine popote.

Mchoro wako unafuata desturi ya Marekani, ambako ukuta wa msingi mara nyingi ni zege kuanzia chini hadi juu. Kanuni yao ni bolti ya nusu inchi iliyozama inchi 7 ndani ya zege, bolti zisiachane kwa zaidi ya futi 6, na kila kipande cha wolpleti, yaani mbao inayolala juu ya ukuta kubeba sakafu, kiwe na bolti mbili au zaidi, moja ikiwa ndani ya inchi 12 kutoka kila ncha. Vipimo hivyo vichukue. Usichopaswa kuchukua ni kutoboa jiwe ukapachika bolti humo. Mawe mengi ya Nakuru yametokana na majivu ya volkano na ni laini. Ukikaza nati, bolti hutoka na unga wake.

Kwa hiyo, juu ya mawe mwaga bimu ya zege ya upana wa inchi 9 na kina cha inchi 8, izunguke nyumba nzima na ipite juu ya ukuta wa katikati pia. Chuma nne za D12 (milimita 12) na ringi za R8 (milimita 8) kila inchi 8 zinatosha kwa nyumba ya ukubwa huo, ila mchoro wa mhandisi wako ukisema vingine, fuata mhandisi. Urefu wote ni kama futi 110, yaani zege ya mita za ujazo 1.5 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) andaa mifuko 10 ya simiti. Usisahau kuacha matundu ya hewa kwenye mawe chini ya bimu, maana kuyachimba baadaye ni kazi ya kulaani. Tutayarudia.

Bolti zichomeke zege ikiwa bado mbichi. Ukikosa bolti zilizopinda mguu, nunua fito ya M12 yenye hesi mwili mzima, ikate vipande vya inchi 10, kisha funga nati na washa (kile kisahani cha chuma) upande wa chini ili isichomoke. Inchi 7 ziwe ndani na 3 zibaki nje. Kosa la kawaida hapa ni fundi kupanga bolti kwa macho, halafu siku ya kuweka mbao bolti inaangukia mahali inapokaa joisti, yaani zile mbao za kusimama kwa ubavu zinazobeba sakafu. Panga kwanza mahali pa joisti kwenye karatasi, ndipo upange bolti. Pia usiziegemeze ukingoni mwa bimu. Ziwe katikati ya mahali wolpleti itakapolala.

Ukitumia vipande vya futi 12 kwenye kuta za futi 24 na vya futi 10 kwenye kuta za futi 20, kila kipande kitachukua bolti tatu: futi 1 kutoka kila ncha, na moja katikati. Hizo ni bolti 24 kuzunguka nje na 6 ukuta wa katikati, jumla 30. Funika hesi kwa plastiki kabla ya kumwaga zege, la sivyo simiti itaganda humo na nati haitapanda. Mwagilia bimu maji siku 7 mfululizo, na usikaze nati kabla ya hapo.

Zege ikishakomaa, pima usawa wa juu kwa mpira wa maji, kona zote nne na katikati ya kila ukuta. Palipoinuka zaidi ya robo inchi, chonga. Palipobonyea, jaza kwa simiti na mchanga wa 1:3. Tunaona mafundi wakijazia kwa vipande vya karatasi za simiti, mabati au mbao nyembamba. Vitu hivyo hubanwa na uzito au huoza, na baada ya msimu mmoja sakafu inaanza kuyumba pale pale.

Kisha pima mshazari. Kona kwa kona, futi 24 kwa 20 inapaswa kukupa futi 31 na inchi 2 na karibu saba za nane, pande zote mbili. Ikiwa ukuta umepotoka kidogo, usihangaike kubomoa. Piga mistari ya chaki iliyo sahihi juu ya bimu na uweke wolpleti kwenye mstari, hata ikiacha ukingo wa ukuta kwa nusu inchi. Kuanzia hapo kila kitu kinafuata mbao, si ukuta.

Sasa kikao chenyewe. Juu ya bimu laza bati la kuzuia mchwa, lichomoze inchi 2 kila upande na likunjwe kuelekea chini kwa nyuzi 45. Maungio yalehemiwe kwa risasi au yazibwe kwa lami, na pale bolti inapopita zungushia lami vilevile. Tafadhali elewa kazi ya bati hili: haliui mchwa. Linawalazimisha kujenga njia yao ya udongo kulizunguka, mahali utakapoiona kwa tochi. Juu ya bati tandaza DPC ya lami, yaani karatasi ya kuzuia unyevu, maungio yapandane kwa inchi 6. Juu ya DPC ndipo ilale wolpleti ya inchi 6 kwa 2 iliyotiwa dawa kiwandani. Toboa matundu ya milimita 14 kwa bolti ya 12. Fundi akitoboa kwa upana wa kidole ili asisumbuke, wolpleti itacheza. Washa iwe ya mraba, inchi 2 kwa 2, nene. Ile ndogo ya mviringo huzama ndani ya saipresi kama kidole kwenye ugali.

Joisti zipange kila inchi 16 kutoka katikati hadi katikati, zikitoka ukuta wa nje hadi ukuta wa katikati. Kuna kanuni ya zamani ya kukadiria kina: chukua urefu wa wazi kwa futi, gawanya kwa 2, ongeza 2, jibu ni inchi. Kwako ni futi 9 za wazi, kwa hiyo inchi 6 na nusu. Nunua 8 kwa 2. Usishawishike kuchukua 6 kwa 2 kwa sababu ya nusu inchi hiyo. Mbao nyingi za huku ukizipima kwa tepu hazifiki kipimo kilichoandikwa kwenye risiti.

Kuna hila ndogo ya kuweka alama. Kutoka ukingo wa nje pima inchi 15, piga mstari, na uweke X mbele ya mstari huo, hapo ndipo joisti ya pili itasimama. Kutoka mstari huo endelea kila inchi 16, X daima upande ule ule. Ukianza na 16 badala ya 15, katikati ya joisti itakuwa inchi 17 kutoka ukingo, na karatasi ya kwanza ya plaiwudi itaishia hewani. Jambo jingine: usichanganye vipimo. Karatasi ya futi 8 inagawanyika sawasawa kwa inchi 16, lakini ukipanga joisti kwa milimita 400, joisti ya saba itakuwa milimita 2400 ilhali karatasi ina 2440.

Juu ya ukuta wa katikati joisti zikutane ncha kwa ncha, kila moja ikilalia inchi 3 za wolpleti, na uzishike kwa kipande cha 6 kwa 1 cha futi 2 kilichopigiliwa ubavuni. Kwenye kuta za nje, ncha zifungwe na joisti ya ukingo: misumari mitatu ya inchi 4 kupitia ukingo hadi ndani ya joisti, halafu misumari miwili ya mshazari kutoka joisti hadi wolpleti, mmoja kila upande. Msumari unaoingia kwenye ncha ya mbao hushika kidogo tu, ndiyo maana ile ya mshazari haikwepeki. Katikati ya kila safu na juu ya ukuta wa katikati pigilia vipande vya 8 kwa 2 kati ya joisti na joisti, ili zisipinduke.

Hesabu ya kununua: joisti 19 kila upande, jumla 38 za futi 10, yaani futi 380. Ukingo futi 48. Vipande vya kukaza futi 63. Ongeza moja ya kumi kwa mbao zilizopinda na makosa ya msumeno, agiza futi 540 za 8 kwa 2. Wolpleti ya 6 kwa 2, futi 120. Sakafu yenyewe ni futi 480 za mraba: plaiwudi ya marini ya milimita 18 karatasi 16, au mbao za T&G (zenye ulimi na mfereji wa kuungana) za 6 kwa 1, ambazo baada ya kurandwa zikifunika inchi 5 halisi utahitaji karibu futi 1,270 pamoja na za kupotea. Usikubali chipubodi wala MDF juu ya uvungu wa udongo. Huvimba.

Mwisho, matundu ya hewa. Chini ya sakafu acha nafasi isiyopungua inchi 18 kutoka udongo hadi joisti, pia kwa sababu mtu lazima aweze kutambaa humo na tochi. Gawanya eneo la sakafu kwa 150 upate ukubwa wa matundu: kwako futi 3.2 za mraba. Tundu la inchi 9 kwa 6 likivikwa waya hupungua, hivyo weka 12, pande zote nne, na usiache kona bila tundu lililo ndani ya futi 3. Waya wa kuanikia kahawa unazuia panya na nyoka na unapatikana hardware yoyote. Utandaze pia nailoni ya geji 1000 juu ya udongo.

Michoro ipitishwe na kaunti na mradi usajiliwe NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, kabla hujafika huku kote. Tumelisema kwa sababu barua yako haikuligusa.

Fundi wangu hapa Kakamega anasema bolti na wolpleti ni gharama za bure. Anataka kuacha mashimo kwenye ukuta wa mawe na kuingiza ncha za joisti humo, kisha azibe kwa simiti. Anadai nyumba nyingi za zamani zilijengwa hivyo. – Mama mwenye nyumba, Kakamega

Mama, fundi wako hadanganyi kuhusu nyumba za zamani. Zilijengwa hivyo, nyingi kwa mbao ngumu za msituni, na mara nyingi zikiachwa hewa kuzunguka ncha. Saipresi ya leo iliyozibwa kwa simiti pande zote ni habari nyingine. Kakamega ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na ukuta wa nje hunyonya maji. Ncha ya mbao hunyonya maji kwa kasi kuliko ubavu, haina pa kukaukia, na inaoza ndani ambako huoni. Sakafu ikishuka, joisti itakuwa imeshakwisha.

Ikiwa ukuta umekwisha kupanda na huwezi kurudi nyuma, basi shimo liwe pana kuliko mbao kwa nusu inchi kila ubavu na juu na nyuma, chini iweko DPC, mbao ikalie inchi 3 au zaidi, ncha iwe imechovywa dawa baada ya kukatwa, na simiti isiguse mbao. Njia iliyo bora ni kujenga kikuta kidogo cha mawe ndani, kimeshikana na cha nje, chenye wolpleti yake.

Sakafu ya mbao ya nyumba tuliyonunua Milimani, Kisumu, inalia kila tukitembea, na sebuleni inadunda hadi vikombe vinagongana kabatini. Uvungu upo, mtu anaweza kuingia akiinama. Tung'oe yote? – Mume na mke, Kisumu

Msing'oe. Kulia na kudunda ni magonjwa mawili tofauti, na yote yanatibika kutoka chini.

Kulia ni mbao kupanda na kushuka kwenye msumari. Joisti zilipigiliwa zikiwa mbichi, zikakauka zikapungua, na sasa kati ya ubao na joisti kuna mwanya mwembamba. Mmoja atembee juu, mwingine awe chini na tochi. Mahali mnapoona ubao unacheza, ingizeni kabari nyembamba yenye gundi ya mbao, kwa mkono tu, bila nyundo nzito, mkiilazimisha mtainua ubao na kuhamisha kelele mahali pengine. Kisha kazeni kwa skrubu ya inchi 2 na nusu kutoka juu, kichwa kizame. Msumari wa pili hautasaidia, utafuata njia ya wa kwanza.

Kudunda kunatokana na urefu. Pimeni joisti. Tunakisia mtakuta 6 kwa 2 inayovuka futi 12 au zaidi, ambayo kwa kanuni tuliyomtajia msomaji wa Kiamunyi ilitaka inchi 8. Ugumu wa mbao hukua kwa mchemraba wa kina chake: 8 kwa 2 ni ngumu mara 2.4 kuliko 6 kwa 2. Lakini hamna haja ya kubadilisha joisti. Pitisheni boriti ya 6 kwa 4 iliyotiwa dawa chini yake, katikati kabisa, juu ya nguzo fupi za mawe zilizoachana futi 5, kila nguzo na kitako cha zege cha futi 2 kwa 2 chini ya udongo wa juu, na bati la mchwa na DPC kichwani. Mkikata urefu katikati, joisti ile ile itapinda mara 16 pungufu. Vikombe vitanyamaza.

Mkiwa humo chini, tazameni kama mwenye nyumba wa awali aliziba matundu ya hewa kwa kuogopa mbu. Kisumu hilo ni la kawaida. Yafungueni na kuweka waya laini.

Nikipitisha paipu za umeme kwenye joisti nitoboe wapi? Na ni kweli mbao ina mgongo? – Fundi chipukizi, Bungoma

Ina mgongo. Inua joisti kwa ncha, funga jicho moja, tazama kwa urefu wa ubavu mwembamba. Karibu kila moja imejikunja kidogo upande mmoja. Ule uliobinuka ndio mgongo, utie alama ya mshale na uweke juu. Uzito wa sakafu utaubana hadi usawa. Ukizichanganya, moja mgongo juu na jirani yake chini, utapata mawimbi ambayo hakuna randa itakayoyamaliza. Iliyobinuka zaidi ya nusu inchi usiiweke kama joisti, ikate vipande vya kukazia.

Matundu yawe katikati ya kina, upana usizidi theluthi moja ya kina, na yaache inchi 2 juu na chini. Joisti ya inchi 8 inavumilia tundu la inchi 2 na nusu, ingawa kwa paipu ya umeme inchi 1 inakutosha sana. Kuchonga pengo juu au chini ni hatari zaidi ya kutoboa. Pengo lisizidi moja ya sita ya kina, na theluthi ya katikati ya joisti usiiguse kabisa, hapo ndipo inapojipinda zaidi. Ukiona fundi bomba anakuja na msumeno, msindikize.

Ukipata joisti za blugamu, toboa kwa keekee nyembamba kabla ya kupigilia. Hupasuka ncha.

Shamba letu liko upande wa Ahero, udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi. Sakafu ya mbao itatuepusha na nyufa? – Msomaji, Kisumu

Sakafu itaepuka kuinuliwa na udongo, kwa kuwa haiugusi. Kuta za msingi hazitaepuka. Udongo mweusi hunywa maji ukavimba na kukauka ukasinyaa, na ukuta uliokalia juu yake utapanda na kushuka, ukibeba joisti zako kwenda nao. Chimbeni hadi tabaka gumu, na kama liko mbali mno, mwiteni mhandisi apime udongo kabla ya kununua hata jiwe moja. Na mafuriko ya uwanda wa Kano mnayajua: matundu ya hewa yawe juu ya alama ya maji mliyoyaona, vinginevyo uvungu utageuka bwawa.

Nimenunua mbao Elburgon kwa bei nzuri lakini ni nzito na baridi ukizigusa. Muuzaji anasema zitakaukia kwenye nyumba. Tena fundi anataka kuzipaka oili chafu ya gari ili zikingwe na mchwa. – Mjenzi, Molo

Zitakauka ndani ya nyumba kweli, na hilo ndilo tatizo. Joisti ya inchi 8 iliyotoka kwenye msumeno juzi inaweza kupungua karibu robo inchi kwa kina ikikauka, na hazipungui sawa. T&G ni mbaya zaidi: ulimi unachomoka kwenye mfereji wake na unaona uvungu kupitia mwanya.

Zipange kivulini, zisiguse udongo, ukitenganisha kila tabaka kwa fito za inchi 1 zilizosimama mstari mmoja toka chini hadi juu, uzito uwekwe juu yake. Funika kichwa kwa mabati, ubavu uache wazi upepo upite. Baridi ya Molo haina haraka: mbao za inchi 2 zihesabie miezi, si wiki. Ili kujua zimefika, chukua kipande kimoja kutoka katikati ya rundo, kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu.

Oili chafu haiingii ndani ya mbao, hukaa juu. Mchwa akipata ufa mmoja au ncha iliyokatwa baada ya kupakwa, ameingia. Pia inanuka ndani ya nyumba, inashika moto, na rangi haitashika juu yake. Pesa ya oili na kibarua weka kwenye mbao zilizotiwa dawa kwa mgandamizo kiwandani, angalau wolpleti na joisti. Kila unapokata, paka ncha mpya dawa ya mbao kwa brashi mara mbili, kwani katikati ya mbao mara nyingi dawa haikufika. Kwa udongo wa uvunguni, tumia dawa ya mchwa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, kwa kipimo cha lebo, na mbali na kisima.

Maswali mawili mafupi. Naweza kujenga ukuta wa mawe wa kugawa vyumba juu ya sakafu ya mbao? Na vipande vya mbao za kijani vilivyobaki, vile vya dawa, vinafaa jikoni kwa kuni? – Mama wa watoto wanne, Njoro

La kwanza: hapana. Ukuta wa mawe wa inchi 6 wenye kimo cha futi 9 una uzito wa zaidi ya nusu tani kwa kila mita. Wa mawe uanze kwenye msingi wake chini. Juu ya sakafu gawa kwa fremu ya mbao, na ukuta huo ukifuata mwelekeo wa joisti, weka joisti mbili zilizofungwa pamoja chini yake. Choo na bafu tungekushauri uviweke kwenye sehemu ndogo ya slebu pembeni, maji na sakafu ya mbao havipatani hata fundi awe stadi vipi.

La pili ni zito kuliko linavyoonekana, mama. Rangi ile ya kijani mara nyingi ni dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ukivichoma, aseniki inatoka na moshi na nyingine inabaki kwenye jivu. Usipikie, usiote moto wake, usitie jivu lake shambani wala kwenye choo cha shimo kilicho karibu na kisima. Maranda na unga wa msumeno tandika turubai chini siku ya kukata, uvizoe vyote, na kuku wasiachiwe kuchakura hapo. Vipande virefu vinafaa kuwa vigingi vya ua. Vifupi viweke kwenye gunia mbali na rundo la kuni, na umwambie kila anayepika nyumbani kwako ni vya nini, kwa sababu vikikauka huwaka vizuri na mtu mwenye haraka hatauliza.